Mwenye Maelezo Ndiye Mwenye Mashine

Mhadhara wa wazi kuhusu kerneli za zamani, kerneli mpya na vidhibiti vya vifaa, uliotolewa Jinja na kurudiwa Mbale, nchini Uganda



Mwaka 1954 unaiunganisha miji yetu miwili. Mwezi Aprili mwaka huo Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo leo tunaliita Nalubaale. Mwaka huohuo wakulima wa kahawa wa miteremko ya Mlima Elgon walianzisha Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu, chenye makao yake Mbale. Bwawa lingali linatoa umeme, na jina la ushirika ule bado linatajwa kila msimu wa kahawa. Vyote viwili vimevuka miaka 70. Sasa pimeni umri huo kwa umri wa programu. Windows XP ilitoka 2001, na tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft ikaacha kuitunza. Hiyo haifiki hata miaka 13, na katika ulimwengu wa kompyuta huo ni uzee. Mashine za kazi huishi kwa miongo, na kerneli zinazoziendesha, yaani viini vya mifumo endeshi, huishi kwa miaka. Tatizo la leo linazaliwa katika pengo hilo.

Katika karakana za miji hii nasikia lalamiko lilelile. Fundi ana mashine nzima, haina ubovu wowote. Kompyuta iliyokuwa ikiiendesha imekufa. Ananunua nyingine, anaweka mfumo endeshi wa kisasa, anaunganisha waya, na mashine haiitiki. Basi anarudi sokoni kutafuta kompyuta kuukuu yenye Windows XP, anaiweka pembeni, anakataza mtu yeyote kuigusa, na kila asubuhi anaomba iwake. Anaondoka na hitimisho moja: kerneli mpya ni adui wa mashine za zamani.

Mimi nimekuja kusema jambo tofauti. Kerneli mpya haikumnyang'anya fundi huyu mashine yake. Mashine ilikuwa imeshamtoka mkononi siku aliyoipokea bila maelezo ya kidhibiti chake. Mwenye maelezo ndiye mwenye mashine, na aliyebaki na chuma peke yake ameazimwa tu.

Kidhibiti na rejista zake

Prosesa haiijui diski, wala printa, wala mota. Kati yake na kila kifaa kuna chipu tunayoiita kidhibiti. Kidhibiti kina rejista: ya kupokea amri, ya kueleza hali, na ya kupitisha data. Programu inayotaka kuchapa herufi moja huiandika herufi hiyo katika rejista ya data, husoma rejista ya hali ili ione kama printa iko tayari, kisha hubadili biti moja katika rejista ya amri ili printa iichukue. Kazi nyingi ya draiva, yaani programu inayozungumza na kidhibiti, hata draiva ya kifaa kigumu sana, inarudi kwenye matendo hayo mawili: kuandika katika rejista na kuisoma.

Katika kompyuta za ukoo wa IBM PC, iliyotoka 1981, rejista hizo zilikuwa na anwani zinazojulikana. Mlango wa printa kwa kawaida ulikaa 378, kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Hali yake ilisomwa 379, na amri ziliandikwa 37A. Mlango wa kwanza wa mawasiliano ya mfululizo, ule tunaouita COM1, ulikaa 3F8. Kibodi ilitumia 60 na 64. Mfumo wa DOS haukuweka mlinzi wowote kati ya programu na anwani hizo. Mwanafunzi mwenye taa nane za LED na rezista nane aliweza kuziwasha zote kwa mstari mmoja wa BASIC.

Walimu wa umri wangu wanaikumbuka enzi hiyo kwa upendo, na wana sababu. Ila naomba tuikumbuke vizuri. Tulijuaje kwamba printa iko 378? Tulijua kwa sababu IBM ilichapisha kitabu cha maelezo ya kiufundi cha kompyuta ile, kikiwa na michoro ya saketi zake na hata orodha kamili ya BIOS, programu inayoiwasha kompyuta. Kutokuwepo kwa mlinzi kulirahisisha kazi. Kilichotupa uwezo ni kile kitabu. Kama anwani zingefichwa, DOS isingetusaidia kitu.

Gharama ya milango iliyoachwa wazi

Mlango uliokuwa wazi kwa mwanafunzi ulikuwa wazi kwa kila mtu. Tarehe 26 Aprili 1999 virusi vilivyoitwa CIH viliamka katika kompyuta nyingi duniani, na vilileta hasara kubwa hasa Asia. Vilikuwa vimeandikwa mwaka uliotangulia na mwanafunzi wa Taiwan. Vilifuta sehemu ya mwanzo ya diski, kisha vikaandika takataka ndani ya chipu ya BIOS kwenye ubao mama. Kompyuta iliyopatwa na hilo la pili haikuwaka tena mpaka chipu ibadilishwe au iandikwe upya kwa mashine maalumu. Walioumia walikuwa wakitumia Windows 95 na 98, ambazo ziliacha njia ya kuyafikia maunzi moja kwa moja. Windows NT, yenye kerneli inayolinda vidhibiti, haikuguswa.

Ulinzi huo haukuwa kitu kipya. Intel iliweka ngazi za mamlaka ndani ya prosesa ya 80286 mwaka 1982, na katika 80386 ya 1985 ikaongeza ramani ya biti inayotaja mlango upi unaruhusiwa kwa programu ipi. Chuma kilikuwa tayari, kikasubiri kerneli ya kukitumia. Windows NT ilikitumia tangu 1993 katika ofisi kubwa. Majumbani na karakanani Windows 95 na 98 ziliendelea kulegeza ulinzi huo ili programu za DOS zisikwame. Windows XP ya 2001 ndiyo iliyoileta kerneli ya NT kwa kila mtu, na hapo ndipo programu nyingi za maabara na za mashine za karakana zilipokatwa mkono kwa mara ya kwanza.

Watu walijibu kwa njia ya mkato. Zilisambaa draiva ndogo ambazo kazi yake ilikuwa kuifungulia programu yoyote milango yote, yaani kuirudisha XP kwenye hali ya DOS. Njia hiyo nayo ilibanwa. Windows Vista ya biti 64, iliyoingia madukani 2007, ilikataa draiva isiyo na sahihi ya kidijitali inayotambulika.

Upande wa Linux safari ilikuwa ileile kwa mwendo mwingine. Programu ya mtumiaji wa kawaida haikuruhusiwa kugusa milango, lakini msimamizi mkuu, root, aliweza kuomba ruhusa hiyo, na kupitia faili ya /dev/mem aliweza kusoma na kuandika popote katika kumbukumbu. Mwaka 2008 kerneli ilipata kizuizi cha /dev/mem kiitwacho STRICT_DEVMEM. Kerneli 5.4 ya Novemba 2019 ilileta hali ya kufungwa kabisa, ambamo hata root hawezi kuandika moja kwa moja kwenye vidhibiti. Katika usambazaji kadhaa wa Linux, hali hiyo hujiwasha yenyewe kompyuta ikiwa na uanzishaji salama (Secure Boot).

Kwa nini hata root azuiwe? Mwaka huohuo wa 2008, wakati kerneli 2.6.27 ikijaribiwa, kadi za mtandao za Intel zilianza kufa mikononi mwa waliokuwa wakiijaribu. Kumbukumbu ya kudumu ndani ya kadi, inayohifadhi utambulisho na mipangilio yake, ilikuwa ikiharibiwa. Baada ya uchunguzi mrefu ilibainika kwamba sehemu ya kerneli ya kufuatilia mwenendo wa programu iliandika kwenye anwani ikidhani pale pana msimbo wake, kumbe kwa wakati ule anwani ile ilikuwa ni kadi ya mtandao. Hapakuwa na mwizi wala kirusi. Ilikuwa ni maandishi yaliyokwenda mahali pasipo pake, na chuma kikaharibika. Na tarehe 19 Julai 2024 tulishuhudia jambo la aina hiyo kwa ukubwa wa dunia: faili yenye kasoro iliyosomwa na draiva ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft yenyewe. Kosa la programu ya kawaida huiua programu hiyo. Kosa ndani ya kerneli huiangusha kompyuta nzima.

Ninyi wa Jinja mnalielewa hili bila kuelezwa sana. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kidogo ya rekodi ya 1964. Mwezi Aprili mwaka huo visiwa vinavyoelea viliingia kwenye mitambo na nchi nzima ikakosa umeme. Wakati kama huo, mageti ya kupitishia maji huongozwa kutoka mahali pamoja panapojua hali ya ziwa, ya mitambo na ya mto. Mtu mmoja akifungua geti kwa kuwa yeye anahitaji maji, wanaoumia ni walio chini ya mto. Kerneli imekaa mahali hapo kati ya programu na vidhibiti. Hainyimi maji. Inataka ombi lipite kwake.

Anwani huhama, mlango rasmi hubaki

Sasa naigeukia Mbale. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Tangu wakati huo, mwanafunzi wa kompyuta wa mji huu akiniuliza afanye mradi gani, namwambia atengeneze kipima kina cha maji cha bei nafuu: kitambuzi kimoja, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na ujumbe wa simu maji yakipita alama fulani. Chombo hicho lazima kidumu miaka na miaka kwenye kingo za mto. Basi tuwafuate wanafunzi watatu wanaoandika programu ya kusoma pini namba 17.

Wa kwanza anataka kasi. Anaisoma nyaraka ya chipu, anaiona anwani ya vidhibiti, na anaiandika ndani ya programu yake. Katika Raspberry Pi ya kwanza ya 2012, anwani hiyo ilianzia 20000000 kwa msingi wa kumi na sita. Pi 2 ya 2015 ikaihamishia 3F000000. Pi 4 ya 2019 ikaipeleka FE000000. Pi 5 iliyotoka mwishoni mwa 2023 ikavihamisha vidhibiti vya pini nje kabisa ya chipu kuu, hadi chipu nyingine iitwayo RP1. Kila uhamisho ulivunja programu ya mtu huyu, na maktaba mashuhuri zilizoandikwa kwa njia yake zilikwama pamoja naye.

Wa pili anapitia kerneli kwa njia iliyoanza 2008, ya faili zilizo chini ya /sys/class/gpio. Anaandika namba 17, inafanya kazi, na inaendelea kufanya kazi kwa miaka. Kisha ikaja kerneli 6.6, na pini ileile ikaitwa 529, kwa sababu hesabu sasa inaanzia 512. Programu yake nayo ikanyamaza. Hapa mtu anaweza kuilaumu kerneli, lakini namba ile haikuwahi kuwa ahadi. Njia yenyewe ilikuwa imetangazwa kuwa ya kuachwa tangu kerneli 4.8 ya 2016.

Wa tatu anatumia njia mpya iliyoletwa na kerneli hiyo ya 4.8: anafungua faili ya kifaa yenye jina la gpiochip, kwa kawaida kupitia maktaba ya libgpiod, na anaitaja pini kwa jina lake kwenye chipu yake. Hajui anwani, na hana haja ya kuijua. Chipu ikihama, kerneli ndiyo inayohama nayo. Mradi wa mwanafunzi huyu ndio ninaotaka uwe kwenye kingo za Nabuyonga.

Mfano huo una mwenzake katika biashara ya kahawa. Mizani ya kielektroniki hutuma uzito kwa mlango wa mfululizo, herufi baada ya herufi. Programu ya zamani iliyosoma anwani 3F8 moja kwa moja imekufa pamoja na kompyuta zake. Programu ya umri huohuo iliyoiomba kerneli ifungue COM1, au /dev/ttyS0 kwa Linux, inaweza kusoma mizani hiyohiyo leo kupitia waya wa kubadili USB kuwa mlango wa mfululizo, kwa kubadilisha jina la mlango tu. Hata mlango wa printa wa 1981 bado una njia yake rasmi katika Linux, iitwayo ppdev, inayojulikana tangu kerneli za 2.4 za mwaka 2001.

Hili halikutokea kwa bahati. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ameshikilia kanuni moja kwa ukali tangu mwanzo: mabadiliko ya kerneli yasivunje programu ya mtumiaji iliyokuwa ikifanya kazi. Kanuni hiyo inaulinda mlango rasmi. Haimlindi aliyepitia dirishani.

Ndani ya kerneli hakuna ahadi

Kuna upande wa pili wa kanuni hiyo ambao mafundi wengi hawajaambiwa. Linux huahidi utulivu kwa programu zilizo nje yake. Kwa draiva zilizo ndani yake haiahidi chochote. Namna draiva inavyozungumza na kerneli inaweza kubadilika toleo lolote, na waandishi wa kerneli wameliandika hilo wazi katika nyaraka zao. Draiva ambayo msimbo wake umekabidhiwa kwenye kerneli hurekebishwa na yuleyule anayebadilisha mambo, kwa hiyo husafiri na kerneli. Draiva iliyokuja kwenye CD kama faili iliyofungwa, iliyotengenezwa kwa toleo moja, hubaki pale CD ilipoiacha.

Chukueni mashine ya kuchonga vyuma inayoongozwa kwa mlango wa printa, ya aina inayoingia Jinja ikiwa imetumika. Nyingi za mashine hizo ziliendeshwa kwa programu ya Mach3 kwenye Windows XP. Draiva yake ya mlango wa printa haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64, kwa hiyo mwenye mashine amefungwa kwenye kompyuta inayozeeka. Mashine hiyohiyo inaweza kuendeshwa leo na LinuxCNC, programu ya wazi iliyotokana na kazi ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, na ambayo bado inautumia mlango wa printa. Lakini kuna sharti. Fundi lazima ajue pini ipi inatuma hatua za mota, ipi inatoa mwelekeo, ipi ni ya kusimamisha kwa dharura. Mwenye karatasi ya pini ataihamisha mashine yake. Asiye nayo atafuata waya mmoja baada ya mwingine kwa mita, siku nyingi, na kwa hatari.

Aliyeshika draiva anaweza hata kuizima mali yako. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI, watengenezaji wa chipu za kubadili USB kuwa mlango wa mfululizo, walipeleka draiva mpya kwa njia ya masasisho ya Windows. Draiva hiyo ilitambua chipu zinazoiga za FTDI na kuzibadilishia namba ya utambulisho iwe sifuri, zikaacha kutambulika. Waliopoteza vifaa vyao ni watu walionunua waya madukani kwa nia njema, bila uwezo wa kujua chipu iliyomo ni ya nani. Bandia ni kosa, na sisemi vinginevyo. Lakini angalieni kilichotokea upande wa Linux, ambako msimbo wa draiva uko wazi: iliongezwa namba ile ya sifuri kwenye orodha, na waya zilezile zikatambulika tena. Ilikuwa ni mistari michache, na iliwezekana kwa sababu maelezo yalikuwa mikononi mwa watu.

Tunapopokea, tunapokea nini?

Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walichapisha uchunguzi wa vifaa vya hospitali katika nchi zenye kipato kidogo. Walikusanya taarifa za vifaa zaidi ya 112,000 katika nchi 16, na wakakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Miongoni mwa sababu kubwa walizozitaja ni upungufu wa mafunzo na wa usimamizi wa vifaa. Vifaa vingi vya hospitali vina kompyuta na vidhibiti ndani yake, na fundi wa hospitali asiye na kitabu cha huduma hawezi hata kujua kama kilichokufa ni kifaa chenyewe, kidhibiti, au kompyuta ya kawaida iliyo pembeni. Mbale ni mji wa hospitali. Hospitali ya watoto ya CURE imepata sifa duniani kwa upasuaji wa watoto wenye maji kichwani, kazi iliyomletea Daktari Benjamin Warf tuzo ya MacArthur mwaka 2012. Mji wenye madaktari wa kiwango hicho unastahili mafundi wenye maelezo ya kiwango hicho.

Tumeona pia makabidhiano makubwa katika umeme. Tarehe 1 Aprili 2023 shirika letu la UEGCL lilichukua uendeshaji wa vituo vya umeme vya Nalubaale na Kiira baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Eskom, na mwaka 2025 shirika la UEDCL likachukua usambazaji kutoka kwa kampuni ya Umeme. Katika makabidhiano ya aina hiyo, popote duniani, orodha ya transfoma na nguzo huandikwa kwa uangalifu. Mimi nataka orodha ya pili iwe na uzito uleule: msimbo wa programu, ramani za rejista, nywila, faili za mipangilio, na matoleo ya kerneli ambayo kila mfumo umethibitishwa kufanya kazi nayo. Transfoma inaonekana kwa macho, na ikikosekana mtu ataiulizia. Ramani ya rejista ikikosekana, hakuna atakayejua mpaka siku ya dharura.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule, wa hospitali, wa viwanda na wa halmashauri waulize maswali matatu kabla ya kutia saini kupokea kifaa chochote chenye kompyuta, kiwe cha kununua au cha msaada. Je, kidhibiti chake kinazungumza kwa njia inayojulikana, kama mlango wa mfululizo, Ethernet au CAN, au kwa kadi maalumu isiyo na maelezo? Je, msimbo wa draiva unatolewa, au tayari umo ndani ya kerneli ya Linux? Je, kitabu cha huduma na ramani ya pini vinakuja pamoja na kifaa, vikiwa mali yetu? Msaada unaoshindwa maswali yote matatu utatugharimu fedha, hata kama umefika bure.

Zamu ya vyuo na karakana zetu

Kwa vyuo nina ombi mahususi. Hapa Mbale kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda tangu 1988, na Chuo Kikuu cha Busitema kina kampasi katika kanda hii. Jinja kuna kiwanda cha magari cha kampuni ya Kiira Motors. Basi la umeme ni mkusanyiko wa vidhibiti vinavyozungumza kwa njia ya CAN, na Linux ina njia rasmi ya kuzungumza nayo iitwayo SocketCAN, iliyoingia katika kerneli mwaka 2008 kutokana na kazi iliyotolewa na kitengo cha utafiti cha Volkswagen. Kampuni kubwa ya magari ilitoa msimbo wake, na leo mwanafunzi wa Jinja anaufungua na kuusoma bila kulipa hata shilingi. Tufundishe kwa njia hiyo. Mwanafunzi aanze kwa kusoma rejista ya kweli kwenye kidhibiti kidogo, ambako kosa lake halitamwumiza mtu. Kisha aandike draiva ndogo ya Linux aone kerneli inadai nini. Kisha ajifunze lini asiandike draiva kabisa, kwa sababu mlango rasmi unatosha. Anayehitimu bila hatua ya kwanza hataelewa mashine, na anayehitimu bila hatua ya mwisho atatuachia programu zitakazokufa.

Kwa mafundi nina jambo ambalo naona hatujalitambua kama utajiri. Waandishi wa kerneli huondoa vitu vya zamani. Uwezo wa kutumia prosesa ya 386 uliondolewa katika Linux 3.8 mwaka 2013. Draiva za zamani za diski za IDE ziliondolewa katika 5.14 mwaka 2021, baada ya nyingine kuchukua nafasi yake. Mara nyingi sababu ni kwamba hakuna aliyesema bado anakitumia kitu hicho, wala aliyebaki nacho ili ajaribu. Mwaka 2019 Torvalds aliitangaza draiva ya diski za floppy kuwa yatima, kwa kuwa ilikuwa vigumu kupata mtu mwenye kifaa kizima. Baadaye akajitokeza mtu wa kuitunza, na ikaendelea.

Vifaa hivyo viko kwetu. Viko kwenye rafu za karakana za Jinja na Mbale, vingine vikifanya kazi kila siku. Fundi anayeweza kujaribu kerneli mpya kwenye kifaa cha zamani na kuandika ripoti safi ya kilichotokea, yenye toleo la kerneli, jina la kidhibiti na ujumbe wa kosa kama ulivyo, anatoa kitu ambacho maabara nyingi za ng'ambo hazina tena. Sauti yake ina uzito katika uamuzi wa kipi kibaki na kipi kiondoke. Tukinyamaza, wataamua kwa haki kabisa kwamba hatupo.

Na kila karakana iwe na daftari. Kwa kila mashine iandikwe chipu ya kidhibiti, anwani au njia inayotumika, pini na kazi zake, kasi ya mawasiliano, toleo la programu na mahali nakala yake ilipowekwa. Nakala nyingine ikae kwenye jengo tofauti. Kompyuta kuukuu ya XP inayobaki kwa lazima itolewe kwenye mtandao kabisa, na diski yake inakiliwe ingali nzima. Kazi hii haihitaji mfadhili. Inahitaji kalamu, nidhamu na mkuu wa karakana anayeikagua.

Ndugu zangu, sitetei kerneli mpya kwa sababu ni mpya. Naitetea kwa sababu inailinda hospitali dhidi ya programu mbovu, na kwa sababu mlango wake rasmi uko wazi kwa yeyote aliye na maelezo. Mtoto wa kando ya Namatala anayejua ramani ya rejista ana haki sawa mbele ya kerneli na mhandisi wa California. Kinachotutenganisha nao ni karatasi, na karatasi hudaiwa, huandikwa na hutunzwa. Tuidai katika kila mkataba, tuiandike katika kila karakana, tuitunze katika kila chuo.